Maji ya Jumanne

Kwa miaka hamsini na sita fundi yule hakuwahi kumwambia mtu hapana. Ukimwita akuzibulie sinki siku ya mapumziko, anakuja. Ukimpa chai isiyo na sukari, anakunywa na kushukuru. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema samahani. Basi siku aliyosema hapana kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la sakristia, kile chumba cha padre cha kuvalia, spana mkononi, na aliyeambiwa ni katekista, mtu ambaye parokia nzima ilimwogopa kuliko paroko.

Katekista alikuwa mezani anaandika majina ya watoto wa kubatizwa Jumapili.

"Mjukuu wako nimemweka wa saba," alisema bila kuinua macho. "Waambie wazazi wafike mapema. Na msimamizi asije na viatu vya kugonga sakafu kama farasi."

"Mwalimu," sauti ikatoka chini ya sinki, "wangu asimwagiwe maji."

"Asimwagiwe nini?"

"Maji. Alishabatizwa. Aletwe apakwe mafuta, avikwe nguo nyeupe, apewe mshumaa. Yale yaliyobaki. Maji, hapana."

Kalamu ikasimama. "Alibatizwa wapi?"

"Hospitali."

"Na padre gani?"

"Hakuwa padre."

"Na nani, basi?"

"Na mimi."

Katekista akacheka kicheko cha mtu aliyeona mbuzi amevaa miwani. "Fundi, kubatiza si kuunga bomba!"

"Najua, Mwalimu. Bomba likivuja naunga tena. Hili halivuji."

Maneno hayo yalipomtoka, fundi mwenyewe alishtuka kuliko aliyeambiwa. Akarudi chini ya sinki, akakaza nati iliyokuwa imekwisha kukazwa, akaikaza mpaka ikalia.

Watu walimwita Koki. Sababu moja ilikuwa kazi yake: kwa miaka ishirini na tisa alikuwa fundi bomba wa hospitali, na hapakuwa na koki katika majengo yale ambayo hakuifungua na kuifunga kwa mkono wake. Sababu ya pili ilikuwa mdomo wake. "Yule akifunga, amefunga," walisema wafua shuka. Mkewe, mshonaji wa nguo na mwenye maneno ya kutosha watu wawili, alizoea kuwaambia wageni, "Mimi naongea, yeye anakohoa. Nyumba inakwenda." Shule Koki aliiacha darasa la saba. Hakuiacha kwa kushindwa, ila karo ya mdogo wake ilihitaji mikono, na mikono ilikuwa yake.

Lakini ukifanya kazi karibu naye ungeona jambo. Kila alipomaliza kufunga koki mpya, kabla ya kumwita mwenye chumba aje aijaribu, aliifungua mwenyewe kidogo, akayaacha maji ya kwanza yapite katikati ya vidole vyake, na midomo yake ikacheza. Wauguzi wengine walidhani anahesabu. Mmoja alidhani ni mganga wa mabomba.

Alichokuwa akikisema kilianzia mbali. Miaka thelathini iliyopita, yeye na mkewe walipata mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Aliishi siku nne. Siku ya tatu alianza kuwa wa buluu midomoni. Bibi wa jirani akasema, "Mtoto huyu abatizwe." Mama yake, amelala kitandani hana nguvu, akasema, "Kamwite mwalimu." Koki akaenda kwa mwalimu wa dini wa siku zile, akafika mlangoni, akakuta wageni wanakula. Akaona haya. Akasimama nje mpaka wamalize, akijiambia kwamba mtu haingii kwenye chakula cha watu na habari ya kifo. Walipomaliza, mwalimu alikuwa na safari, akasema atakuja kesho asubuhi. Kesho asubuhi mtoto alikuwa amekwisha kufungwa kwenye kitenge.

Kwenye maziko padre mzee, mtu mwenye ndevu na kifua kibovu, alimvuta pembeni.

"Mtoto wenu yuko kwenye huruma ya Mungu, usihangaike," alimwambia. "Lakini kwa nini hukummwagia mwenyewe?"

"Mimi, Padre? Mimi si kitu."

"Anayekufa hangoji mwenye cheo. Mtu yeyote anaweza. Maji kichwani, yatiririke, na maneno. Awe anataka kufanya lile Kanisa linalolifanya, basi."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Hamkufundishwa?"

Labda walifundishwa siku ambayo yeye hakuwepo. Padre akamtamkia yale maneno pale pale kaburini, mara tatu, na Koki akayashika. Tangu siku hiyo aliogopa kitu kimoja tu: kwamba siku yatakapohitajika, ulimi wake utakuwa na kutu. Ndiyo maana kwa kila koki mpya aliyaendesha kwa kunong'ona kama fundi anayejaribu mota: *ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu*. Mwanzoni kabisa, mahali pa jina, aliacha pengo. Hakujua nani atalijaza.

Miaka ikapita. Wakapata binti, akakua, akaolewa na kijana mpiga picha, mwenye studio ndogo na mdomo mkubwa. Kijana mzuri. Alimpenda mke wake, aliwaheshimu wakwe zake, na kwake jambo lisilopigwa picha lilikuwa halijatokea.

Mimba ya binti ilipofika miezi saba, presha ikapanda. Jumanne moja asubuhi akaletwa hospitali ile ile ya baba yake, akapitishwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Mumewe alikuwa safarini anapiga picha za harusi, simu haipatikani. Mama yake alikuwa njiani. Aliyekuwepo ni Koki, kwenye korido, na mfuko wake wa vifaa begani, maana alikuwa ametoka kuzibua choo cha wodi ya wanaume.

Mtoto alitolewa. Msichana, hajafika kilo moja na robo. Wakampeleka wodi ya watoto njiti, wakamweka ndani ya mashine ya joto, lile sanduku la kioo lenye vidirisha vya kupitisha mikono. Daktari akatoka, akavua barakoa, akamwambia fundi kwa upole, "Mzee, mapafu yake hayajakomaa. Tumefanya yetu yote. Ukitaka kumwona, mwone sasa."

Wodi ile Koki aliifahamu. Sinki zake zote tatu alizifunga yeye. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mnene, mkali, mwenye kitambaa kichwani chini ya kofia ya kazi, wa dini nyingine. Walifahamiana miaka kumi na mitano kwa salamu na washa za koki, vile vipete vya mpira vinavyozuia kuvuja.

Koki alisimama mbele ya kioo. Mle ndani alimwona kiumbe mwekundu, mkubwa kama kiganja na nusu, kifua kinapanda na kushuka kwa kurukaruka kama hewa iliyonaswa kwenye bomba. Midomo ilikuwa ya buluu. Aliijua buluu ile.

"Dada," alisema. Miaka kumi na mitano alikuwa akimwita muuguzi. "Nataka maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kumbatiza."

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini: ovaroli, viatu vya mpira, mikono yenye alama nyeusi ambazo sabuni ilishindwa. "Na uchafu huo? Osha mikono. Mpaka kwenye viwiko. Sabuni ile nyekundu." Alipogeuka akakuta amemtayarishia bomba la sindano lisilo na sindano, limejaa maji yaliyochemshwa, vuguvugu. "Kikombe hapana, utamzamisha. Tumia hili. Matone ukitaka, mfereji ukitaka. Lakini fanya haraka, joto linatoka."

Lilikuwa bomba dogo kuliko yote aliyowahi kushika. Akapitisha mkono kwenye kidirisha. Na hapo, baada ya miaka thelathini ya mazoezi, akakwama. Pengo! Hawakuwa wamemchagulia jina. Bibi yake wa upande wa mama alitaka moja, wa upande wa baba alitaka jingine, na ubishi ulikuwa haujaisha.

"Nini tena?" muuguzi akamkemea.

"Hana jina."

"Basi mwite anavyoitwa. Kwenye karatasi tumeandika Mtoto."

"Mtoto," akasema Koki, "ninakubatiza kwa jina la Baba," akasukuma maji kidogo kichwani, "na la Mwana," tena, "na la Roho Mtakatifu," tena. Aliyaangalia yanavyokwenda. Yalipita utosini, yakazunguka sikio dogo lililokunjamana kama jani changa, yakaingia kwenye shuka. Hayakukwama popote. Kazi ya maji ni kwenda, na yalikwenda.

"Umenilowesha shuka!" muuguzi akafoka. Lakini alikuwa akifuta macho kwa mkono wa gauni.

Mtoto hakufa. Hakufa Jumanne, hakufa Jumatano. Wiki ya pili alikojoa mfululizo, figo zimeamka, wodi nzima ikashangilia kama goli. Baada ya miezi miwili alitoka na kilo mbili na nusu na sauti ya tarumbeta.

Yote haya Koki alikuwa amewasimulia mkewe na binti yake. Kwa wengine, alikuwa Koki.

Sasa habari ya sakristia ilifika nyumbani kabla yake. Alipoingia, alimkuta mkwe wake sebuleni, mkewe kwenye cherehani anapinda shati, na binti amempakata mtoto, ambaye sasa alikuwa na miezi mitano na mashavu.

"Baba, shikamoo," mkwe alisema. "Baba, ni kweli umekataa mtoto asibatizwe?"

"Marahaba. Sijakataa abatizwe. Nimekataa abatizwe tena."

"Baba, mama yangu amealika watu. Watu wa mbali. Wataona nini? Watoto wengine wanamwagiwa maji, wetu anapakwa mafuta kama mkate? Mimi ni mpiga picha, baba. Picha ya maji ndiyo picha yenyewe. Nimewapigia watu mia, leo wangu nikose?"

"Mpige na mshumaa."

"Mshumaa! Maji kidogo tu, yana ubaya gani? Kijiko kimoja."

Cherehani ikasimama. Mama mkwe akang'ata uzi. "Mkwe wangu, wewe ulifunga ndoa lini?"

"Mwaka juzi, mama."

"Nikikuambia Jumapili mfunge tena kwa sababu mimi sikupata picha nzuri, utakubali? Mkeo atakuwa alikaa kwako bure miaka miwili."

Binti akacheka. Mkwe akacheka pia, lakini hakuacha. Alivuta kiti karibu na baba mkwe wake, akapunguza sauti.

"Baba, usinielewe vibaya. Nakushukuru kwa ulichofanya. Lakini tuseme ukweli, yule siku ile alikuwa hajui hata kulia. Mtu asiyejua kitu, hana hata jina, ubatizo unamshika wapi? Si bora huu wa Jumapili, angalau anacheka, anaona watu?"

Koki akamnyooshea mtoto kidole, mtoto akakishika; mkwe akadhani koki imefungwa. Kisha akasema, "Alikuwa hajui kupumua pia."

"Ndiyo, baba."

"Mashine ikampumulia. Daktari hakusema tungoje mpaka ajue kupumua. Mama yake alikuwa amelala, hawezi kunyonyesha, akapewa maziwa ya mama mwingine kwa mpira. Hakuyaomba. Jina la ukoo wako umempa, ulimwuliza? Kila kitu kilichomfanya awe hapa leo alipewa akiwa hajui. Ila Mungu ndiye angoje mpaka mtoto ajue?"

Mkwe akarudisha kiti nyuma kidogo.

"Mimi nilipomwangalia mle kwenye kioo, hakuwa na kitu cha kumpa Mungu. Hakuwa na imani, wala sala, wala jina. Nikaelewa kwamba hata mimi sina. Tunapokea tu. Imani ya siku ile tulimshikia sisi, kama mpira wa maziwa. Akikua ataishika mwenyewe, au ataiachia, ni shauri lake. Lakini kupewa, alikwisha kupewa."

Binti alimpapasa mtoto kichwani, mahali maji yalipopita. "Baba," aliuliza taratibu, "na kama asingepata? Kama yule kaka yangu?"

Mkewe akainamia cherehani bila kushona.

"Kaka yako yuko kwa Mungu," Koki alisema. "Padre alinihakikishia, nami naamini mikono ile haina tundu. Mungu hafungwi na maji, mwanangu. Aliyefungwa ni mimi. Nimeambiwa mwaga, namwaga. Mara ya kwanza sikumwaga kwa sababu ya haya. Sasa nikimwacha mwalimu amwage tena, nitakuwa nasema Jumanne ile nilimlowesha tu mtoto wa watu."

Alhamisi waliitwa ofisini kwa paroko, kijana mwenye miwani na sauti ya taratibu, aliyehamia mwaka huo. Katekista alikuwa amekaa kulia kwake na kitabu cha ubatizo mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wake mwenyewe. Koki alivaa shati la Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti. Kando yake alikaa muuguzi mkuu, aliyekuja na sare zake za kazi na kusema mlangoni, "Nina nusu saa, nina watoto kumi na mmoja kwenye mashine."

"Mzee," paroko akaanza, "sikuitii kesi. Nataka kujua tu. Maji yalikuwa maji gani?"

"Maji safi, Padre. Yamechemshwa."

"Nani aliyamwaga?"

"Mimi."

"Na maneno, nani aliyasema?"

"Mimi huyo huyo, nikiwa namwaga."

"Yaseme."

Koki akayasema. Hayakuwa na kutu.

"Yalitiririka, au ulimpangusa tu?"

Hapo fundi alijiweka sawa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza kama mtu aliye kazini kwake. "Padre, mimi maji ninayajua. Yaliingia utosini, yakatokea nyuma ya sikio la kushoto."

"Yakaniloweshea shuka," muuguzi akadakia. "Nilimgombeza. Shuka la mashine halibadilishwi ovyo. Mimi si wa dini yenu, Padre, lakini macho ninayo. Na maneno yale nayajua kwa moyo, maana huyu mzee ameyanong'oneza kwenye sinki zangu miaka kumi na mitano. Nilidhani anaongea na mabomba."

Paroko akaficha tabasamu. Katekista akakohoa.

"Padre, kuna jambo. Alimwita nani? Mwulize jina."

"Ulimwita nani, mzee?"

Koki akainamisha kichwa. "Mtoto."

"Mtoto!" Katekista akapiga kitabu kofi. "Mnaona? Hakuna mtakatifu anayeitwa Mtoto! Niandike nini hapa? Na si hilo tu. Msimamizi hakuwepo, wala ruhusa. Leo tukikubali hili, kesho kila bibi atabatiza mjukuu kwenye beseni la kufulia, na mimi nitakaa hapa nafukuzana na mabeseni! Mimi nasema amwagiwe kwa masharti. Ipo njia hiyo. Padre aseme, kama hujabatizwa, ninakubatiza. Haimkosei mtu. Wazazi wa mume wanapata picha, fundi anabaki na Jumanne yake, amani inapatikana."

Paroko alivua miwani, akaifuta. "Njia hiyo ipo kweli," alisema polepole. "Jina si kitu kinachofanya ubatizo, Mwalimu, hilo liache. Lakini mzee, kwa ajili ya amani ya familia... unasemaje?"

Kwenye ukuta saa ilikuwa ikigonga. Koki aliuona tena mlango ule wa miaka thelathini iliyopita, wageni wakila, yeye nje na haya zake. Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na wote wangempigapiga mgongoni.

Akasimama. Mtu asiyezoea kusema husema vizuri zaidi akisimama.

"Hapana, Padre. Hiyo 'kama' ni ya nani? Mimi sina kama. Dada huyu hana kama. Mama wa mtoto hana. Mwalimu naye hana, ana beseni. Mwalimu, bibi ambaye mjukuu wake ni mzima, amlete kwako, hata mimi nitamsukuma aje. Lakini yule ambaye mjukuu wake anakufa saa nne asubuhi ya Jumanne, wewe uko wapi? Utafika?"

Katekista akafungua mdomo.

"Nauliza tu. Utafika?"

Katekista akafunga mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetunza kitabu miaka kumi na minane bila doa, na mtu wa namna hiyo huogopa kila kisichopitia mkononi mwake. Alitazama kitabu, akakigeuza, akakirudisha.

"Sitafika," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Basi anayefika ndiye anayemwaga. Na akishamwaga, pamemwagwa." Koki akakaa. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mpaka mgongoni.

Paroko akavaa miwani. "Masharti ni kwa palipo na shaka ya kweli," alisema. "Nimeuliza, sioni shaka. Amani tutaitafuta mahali pengine. Jumapili ataletwa kukamilishiwa. Maji, hapana."

"Nimechelewa watoto wangu," muuguzi akasema, akainuka. Alipopita nyuma ya Koki akamgonga bega. "Mganga wa mabomba wewe."

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto sita walipelekwa mmoja mmoja kwenye birika la ubatizo, wakamwagiwa, wakalia kwa zamu. Wa saba alipofika, paroko alimwekea ishara ya msalaba, akaeleza kwa maneno machache kwamba huyu alikwisha kubatizwa akiwa katika hatari ya kufa, na kwamba Kanisa leo linampokea na kufurahi naye. Akachukua mafuta.

Mama wa mkwe, aliyekuwa mbele na kilemba cha kung'aa, akashindwa kuvumilia. "Mbona wetu haogeshwi?" alisema, kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona.

Benchi zikageuka. Mkwe na kamera yake akatafuta pa kujificha. Na mtu ambaye kwa maisha yake yote alikuwa akisali nyuma ya nguzo alijibu kutoka katikati ya kanisa, wazi, bila kukohoa:

"Alishaoga!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa amelala, akafumbua macho na kumtazama padre kama mtu aliyekatizwa usingizi kwa jambo analolijua. Mkwe akainua kamera haraka. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa studio: mtoto mwenye mafuta yanayong'aa utosini, mshumaa pembeni, na nyuma kabisa mzee mmoja amesimama peke yake katika watu walioketi.

Baada ya misa walikwenda ofisini kuandikisha. Katekista alikuwa amefungua kitabu. Familia sita zilipita. Ya saba ilipofika, akaandika jina la mtoto, lile ambalo bibi wawili walikuwa wamekubaliana mwishowe kwa kuyaunganisha yote mawili, na kuwa refu kama treni. Akaandika wazazi. Akaandika msimamizi wa leo. Kwenye safu ya aliyebatiza, kalamu ikasita. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *babu wa mtoto, fundi bomba, katika hatari ya kufa*. Pembeni akaongeza: *shahidi, muuguzi mkuu wa wodi*.

"Haya," alisema, akaandika mwanzo wa tarehe ya siku hiyo.

Koki alikuwa amesimama mbele ya meza. Wenzake walikwisha kutoka, nje mama wa mkwe alikuwa akipanga watu kwa ajili ya picha, na mkewe alikuwa akimwita kwa sauti, "Baba watoto, tunakusubiri, jua linatuunguza!"

"Si ya leo," Koki alisema.

"Nini?"

"Tarehe. Si ya leo, Mwalimu."

"Fundi, leo ndiyo siku ya kanisani. Watu wote wamemwona leo."

"Leo amepakwa mafuta. Yaandike pembeni. Ubatizo ni Jumanne."

"Nimeshaanza kuandika, nitachafua kitabu! Miaka kumi na minane sijakata mstari!"

"Kata."

"Fundi..."

"Kata mstari mmoja, Mwalimu. Nasubiri."

Nje walimwita tena. Hakugeuka. Alisimama pale na mikono yake yenye alama nyeusi imekunjwa mbele, kama alivyosimama zamani mlangoni kwa watu wanaokula. Mara hii alikuwa ndani, na hakuwa na haraka.

Katekista alipumua. Akachukua rula, akakata mstari, ulionyooka kabisa. Juu yake akaandika tarehe ya Jumanne.

Koki akainama kuisoma, akaisoma tena kwa kidole, herufi kwa herufi. Ndipo akatoka juani kupigwa picha.